Mstari Uliopita Katikati ya Kisima

Mtua, Nachingwea
Oktoba 1948

Bwana Mhariri,

Natanguliza salamu, nikitumaini wewe na wapiga chapa wako hamjambo. Sisi huku tulikuwa wazima mpaka gazeti lako lilipofika.

Mimi ni Kaimu bin Seleman, mkulima, niliyepata kuwa askari wa kubeba mizigo huko Palestina wakati wa vita vilivyopita. Ndiyo maana likija gazeti lenye habari za Waarabu na Wayahudi, huitwa mimi nilisome barazani. Naleta malalamiko yangu kwa adabu, nayo ni haya:

1. Miaka mingi nimegombana na jirani yangu Bashiri juu ya kisima cha bondeni. Yeye husema baba yake ndiye aliyekichimba. Mimi husema kweli alichimba, lakini baba yangu ndiye aliyemwonyesha pa kuchimba. Kila kiangazi tulitukanana asubuhi, kila mtu akateka maji yake huku amenuna, na adhuhuri tukasimama safu moja msikitini. Ulikuwa ugomvi mzuri. Ndipo gazeti lako likaandika kwamba Palestina vita vimesimamishwa kwa mapatano. Wazee wakatuuliza kama hatuoni haya, watu wenye mizinga wamepatana, sisi wenye midomo tu tumeshindwa. Tukapatana siku ile ile. Tangu hapo hatujapata amani.

2. Mapatano yalitaka mstari, na atakayeuvuka kwanza ndiye mvunjaji. Nikaokota vigingi vilivyoachwa na wapima mashamba ya karanga, nikaupima mstari kwa haki kabisa, ukapita katikati ya kisima. Nusu yake, nusu yangu. Lakini maji hayajui kigingi. Ukichota upande wako, ya mwenzako nayo yanaingia kwenye debe lako, na hapo umevuka. Kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuteka.

3. Mapatano yalikataza silaha mpya. Mimi niliweka miiba tu, ya kulinda amani. Bashiri alipoiona miiba akaleta mbwa, naye wa kulinda amani. Ningefanya nini? Nikarundika mawe ya amani. Yeye akachimba handaki, akasema ni shimo la kupandia migomba. Bwana Mhariri, tulipokuwa tunagombana hapakuwa na jiwe hata moja.

4. Ukaandika kwamba huko wamepelekwa watazamaji wasio na upande. Nasi tukamweka Kornel wa Mnero, ambaye ni Mngoni. Babu zake waliwapiga babu zetu sisi Wamwera sote, kwa hiyo leo ni mtani wetu sote, na hakuna asiye na upande kuliko mtani. Siku yake ya kwanza ya utazamaji alimkamata jogoo wa Bashiri, akamla. Mtani akichukua kitu chako humkasirikii, ni aibu. Lakini hasira ya Bashiri ilikuwa imekwisha kupanda na ilihitaji mahali pa kushukia, ikashukia kwangu. Akanirushia jiwe, tena jiwe langu mwenyewe. Kornel alitazama. Alipoulizwa mbona hakuzuia, alijibu kwamba aliitwa kutazama, akaongeza kuwa Wamwera hata kulenga hawajui.

5. Naomba dunia ielewe kwamba sijavunja mapatano hata mara moja. Bashiri akirusha, anavunja. Mimi nikirusha, najibu. Siku niliyoanza mimi nilikuwa najibu mapema, maana nilimwona akijikuna kichwa kwa namna ya kutisha. Yeye naye anasema hivyo hivyo juu yangu, jambo linaloonyesha alivyo mwongo.

Hili la mwisho halina namba. Huko Haifa nilimjua Mwarabu muuza mikate na Myahudi fundi wa magari. Wote wawili walikuja kambini kwetu, na wote wawili walinionyesha picha za watoto wao. Zamani nikisoma kwamba mapatano yamevunjika, nilidhani kuna mtu ameamka akaamua kuyavunja. Sasa najua yanavyovunjika, na naogopa. Kwetu ni mawe na jogoo. Kwao watu wanakufa, na roho inaniuma kwa ajili ya watoto wale.

Kwa hiyo naomba gazeti lako liyaambie mataifa makubwa kwamba mapatano yapigwe marufuku, watu warudi kugombana kwa mdomo. Ikishindikana, tuletewe watazamaji wengine, wasiokula kuku.

Wasalimie wote hapo kazini, na wasomaji wa Ruangwa, hasa shemeji zangu wa Malolo, ambao nasikia nao wameanza kutafuta vigingi.

Ni mimi, mlinzi wa amani kwa mawe,
Kaimu bin Seleman

Baada ya sahihi: Nimemsomea mke wangu Mwamina barua hii, naye ameniuliza maji ninayooga na kunywa tangu Julai nadhani yanatoka wapi. Kumbe yeye na Mwantumu, mke wa Bashiri, huteka pamoja kila alfajiri, wakishikiana kamba. Hawakujua kama kuna mapatano, maana barazani hawaitwi. Nilimpasha Bashiri habari, na kwa mara ya kwanza tumekubaliana kwamba huo ni uvunjaji mkubwa. Tumewakataza. Wamekubali bila ubishi, wakatukabidhi madebe. Maneno haya nayaandikia juu ya kitako cha debe. Mjukuu wangu analia kiu, na wa Bashiri pia namsikia. Tumesimama kisimani tangu adhuhuri, yeye upande wake na mimi wangu, kila mmoja akingoja mwenzake avunje kwanza.