Saa Nzima Ndani ya Barakoa

Mdomo Asali hakuwa na kazi yenye jina, na hakuwahi kulala njaa. Asubuhi hiyo alikuwa kaegemea mlango wa jimu, anafaidi feni bila kulipa kiingilio, aliposikia mwenye jimu akibwata.

Huyu waliyemwita Kifua alikuwa na uchungu wa kweli. Amri ilikuwa imetoka kwamba hakuna mazoezi bila barakoa, na nusu ya wateja wakatimua mbio, tena si kwenye mashine zake.

"Inakaba! Inalowa, inanata puani, mtu anavuta kitambaa badala ya hewa! Akitokea mtu wa kukimbia saa nzima kaivaa, achukue pikipiki yangu ile pale!"

Ile pale ilikuwa nyekundu, na plastiki za dukani bado hazijabanduliwa kwenye kiti. Moyo wa Mdomo Asali ukaenda mbio, jambo ambalo mazoezi hayakuwahi kulifanikisha.

"Mbele ya mashahidi hawa, bosi?"

Kifua akakitazama kitambi cha Mdomo Asali, akatabasamu. "Mbele ya dunia nzima. Na ukishindwa?"

"Cherehani ya mke wangu. Ya umeme."

Mke alikuwa fundi nguo, siku hizo kaenda kumsalimia mama yake. Cherehani hiyo ndiyo iliyolisha nyumba nzima, Mdomo Asali akiwemo. Ingekuwa mali yake mwenyewe, tungemwita jasiri.

"Ila ikilowa nibadilishe," akaongeza. "Na kwa kuwa uso wazi ni marufuku humu ukumbini, nitabadilishia chumba cha nguo."

"Badilisha hata mara mia!"

Jioni akamtafuta shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyepandisha madumu ya maji kwenye magorofa yasiyo na lifti, barakoa usoni kutwa. Kimo chao kilikuwa kimoja. Kitambi kingetengenezwa kwa taulo.

"Unapumuaje na hicho kitu?"

"Mwanzoni ni kero, shem. Joto, jasho mdomoni, unaona unakufa. Ukituliza pumzi, hewa inapita tu. Kinachokaba zaidi ni woga."

"Basi kesho utanitulizia. Pikipiki itakuwa yetu sote."

Shemeji alimjua Mdomo Asali na "sote" yake. "Na cherehani ya dada?"

"Shem, huniamini?"

"Nitakuja," shemeji akasema, bila kujibu swali.

Kesho yake cherehani iliwekwa juu ya meza ya mapokezi, watu wakajaa. Mdomo Asali, kofia hadi kwenye nyusi, akapanda mashine ya kukimbilia. Punde barakoa ikalowa, ikamganda mdomoni, akawa anahema kama mvukuto. Kifua alianza kuipapasa cherehani kama mtu aliyekwisha kuinunua.

Mkono ukainuliwa kuomba kubadilisha. Mdomo Asali akajikokota hadi chumba cha nguo, na shemeji, aliyeingilia mlango wa nyuma, akatoka na kofia ileile, fulana ileile, taulo tumboni na barakoa kavu.

"Jamani, kapata pumzi mpya!" mtu akapiga kelele.

Saa ikaisha na shemeji bado anakimbia. Mpango ulikuwa arudi chumbani, wabadilishane, Mdomo Asali atoke kupokea. Lakini shemeji alishuka kwenye mashine, akanyoosha mkono palepale.

"Ufunguo, bosi."

Kifua akautoa kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino. "Na cherehani?"

"Naipeleka kwa mwenyewe. Na pikipiki ni yake pia. Mashahidi ni nyinyi."

"Huyo ndiye mume!" akina mama wakapiga vigelegele. "Mume wa mfano!"

Nyuma ya mlango, mume wa mfano alishika kitasa, akakiachia. Akitoka, kutakuwa na vitambi viwili na ulaghai mmoja. Akabaki anausikiliza mlio wa pikipiki ukienda zake.

Alifika nyumbani kwa miguu. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza amerudi, anafuta cherehani barazani, na majirani wameizunguka pikipiki.

"Mume wangu," akasema kwa upole uliotisha, "mji mzima unakusifu. Lakini mimi nataka nisikie kwako, mbele ya hawa. Pikipiki ni ya nani?"

Shemeji, kasimama kando ya pikipiki, aliangalia mawingu. Mdomo Asali akafungua mdomo wake maarufu, hewa ikagoma kuingia, na usoni hakuwa na kitambaa chochote cha kusingizia.

"Ni yako, mke wangu," akasema, na majirani wakapiga makofi.