Visu Tisa vya Mama Florence

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya ushindi! Leo uwanja wa ndege fundi seremala mmoja Mkenya alikuwa anarudi Nairobi, begi lake likazidi uzito. Ikabidi apunguze. Akatoa vibamba vitatu vya chuma, vyembamba kama kitabu cha nyimbo, akanipa mimi, mpakia mizigo. Mawe ya kunolea, alisema, ila si mawe; juu vimepakwa unga wa almasi. Almasi! Kimoja cha kukwaruza, kimoja cha kati, kimoja laini. Havitaki mafuta, maji kidogo tu. Alisema pia jambo fulani kuhusu kumwonya mwenye kisu, lakini ndege ilikuwa imewasha injini. Si muhimu.

Naandika kwa Kiswahili, nilichosoma Nakuru, ili Shangazi Rejoice, asiyekijua, asielewe. Nakaa kwake hapa mtaa wa Nyakuron na anafungua kila kitu changu.

Mpango ni huu. Tarehe 18 tunakwenda mtaa wa Hai Cinema, nyumbani kwa akina Ketty, kumposa rasmi. Baba yake, Mzee Lodu, hana neno na mimi. Mama yake, Mama Florence, ana maneno mengi. Anasema mikono ya Duku, ndiyo yangu, haijui kitu ila kupakia na kupakua. Bila yeye hakuna ndoa. Basi ataiona hiyo mikono!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeanza na kisu cha Shangazi. Kilikuwa butu mpaka nyanya zinakicheka. Dakika ishirini tu. Nimekijaribu kwenye mkono wangu wa kushoto: nywele zimeanguka zenyewe. Nikakirudisha kimya kimya, ili afurahi kwa kushtukizwa.

Kashtuka. Amejikata kidole gumba akikata kitunguu. Macho yake yameanza kuzeeka, maskini. Nimemshauri avae miwani. Amenijibu kwa Kikuku, lugha yetu, maneno ambayo siwezi kuyaandika hata humu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mugisha! Yule Mganda wa Hai Cinema mwenye baiskeli ya kunolea. Anakanyaga pedali, jiwe linazunguka, cheche zinaruka, akina mama wanapanga foleni. Nilimwonyesha almasi. Nikamwambia kazi yake kalas, imekwisha. Akapapasa kibamba kwa kucha, akasema ni kitu kizuri sana, kwa bucha. Akasema yeye iko kwa kazi hii miaka tisa, na kisu ya mama ananoa nusu tu.

Nusu! Anakiri kwa mdomo wake! Ananoa nusu ili kisu kirudi kwake mwezi ujao. Nilimwita mwizi wa mchana mbele ya wateja. Alicheka. Akasema banange, jamani, kwanza nenda uangalie mama anakata namna gani.

Nitaangaliaje? Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, hata mkwe mtarajiwa. Mugisha anajua hilo vizuri. Ananikejeli tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilikwenda kumsalimia Mzee Lodu. Nimemkuta barazani anajinyoa, macho ameyafumba, kwa wembe wa kukunja aliorudi nao kutoka ukimbizini Uganda. Anausukuma kwa mkono mzima kama mtu anayepalilia shamba, na huku anaimba nyimbo za kanisani. Mzee mwema sana.

Nikamnong'oneza Ketty aniletee visu vya mama yake. Ketty alisema visu vya mama yake vinakata vizuri tu. Akauliza pia mkono wangu una ugonjwa gani, mbona umeota upara. Nikamwambia ni majaribio ya kitaalamu. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe popote. Nilimwambia jina litakalotajwa ni langu peke yangu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Visu tisa! Ketty alivileta mchana kwenye mfuko wa unga. Vinne vya mama yake, vitano vya akina mama wa kwaya watakaomsaidia kupika kesho. Niliomba ruhusa kazini, nikasema nina homa. Kibamba cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha mkanda wa ngozi wa kumalizia makali. Sasa hata mkono wa kulia una upara.

Ketty alipokuja kuvichukua alitaka awaambie kwamba vimenolewa. Nikamkatalia katakata. Kizuri chajiuza! Wagundue wenyewe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo sina hamu ya kuandika. Nitaandika hivyo hivyo.

Tulifika saa nne, na matope mpaka magotini. Mimi, Shangazi na wazee wetu wawili upande huu wa sebule. Mzee Lodu na ndugu zake upande ule. Nyuma ya pazia, jikoni, akina mama wanaimba. Tukaanza na maombi. Katikati ya maombi mtu akapiga kelele kule: wai! Nikatabasamu. Wamegundua. Wai ya pili. Nikamkonyeza Shangazi. Shangazi akaangalia kidole gumba chake, kisha akaniangalia mimi. Wai ya tatu. Ya nne na ya tano zikaja pamoja. Wimbo ukakatika. Nikamsikia Mama Florence akimwita Yesu, na haikuwa sala.

Akina mama wote tisa wamejikata! Kitunguu cha kwanza hakijaisha. Sababu nimeelezwa baadaye na Ketty, kwa hasira. Hakuna mama pale anayetumia ubao. Kitunguu kinakaa kiganjani, kisu kinasukumwa kuelekea kidole gumba, na kidole ndicho kinachokizuia. Wamekata hivyo tangu usichana wao. Kisu cha Mugisha kikifika kwenye kidole kinasimama kwa adabu. Changu hakisimami.

Nilitaka kukimbilia jikoni nikawasaidie. Nilipofika kwenye pazia wazee wote waliguna kwa pamoja. Mkwe haingii! Nikarudi kukaa. Unajua nani aliyeingia? Mugisha. Walituma mtu akamlete. Yeye si mkwe wa mtu. Akachukua visu vyangu, akakaa kwenye ngazi ya saruji, akaanza kuua makali, kimoja kimoja, kraa, kraa. Nilikuwa naona dirishani. Kazi ya siku nzima! Machozi yalinitoka, nikasema ni moshi. Mama Florence alimwita mwanangu, akampa nyama kabla ya wageni.

Chakula kilitoka saa kumi. Ugali wa asida, mboga ya kudra, nyama ya mbuzi. Kila sahani ilishikwa na kidole gumba kilichofungwa kitambaa. Mzee mmoja wa upande wao akauliza ni nani aliyenoa visu hivi. Ketty akaangalia dari. Nami nikaangalia dari. Ndipo Shangazi, damu yangu mwenyewe, akaninyooshea kidole. Kile kile kilichofungwa.

Wazee wao wakatoka nje kushauriana. Wakarudi na uamuzi kwamba damu ya mama mkwe imemwagika kabla ya neno, kwa hiyo nilete mbuzi mweupe wa kuisafisha. Desturi ya kale sana, walisema. Nahisi ilizaliwa pale pale uani. Jibu la posa limesogezwa hadi Jumamosi ijayo, na Mzee Lodu atalitoa kwa kinywa chake.

Jumapili, 19 Oktoba

Ketty alikuja baada ya ibada. Hakukubali kukaa. Alisema leo kwaya imeimba bila ngoma na bila makofi, kwa sababu waimbaji tisa wana vidonda. Alisema ametumia miaka miwili kumshawishi mama yake kwamba mimi ni mtu wa maana, na mimi nimeiharibu miaka hiyo miwili kwa asubuhi moja. Alisema jibu likiwa hapana, ni hapana ya mwisho, hakuna wa kuwarudisha wazee wale kikaoni mara ya tatu. Halafu akasema yeye ananitaka mimi, Mungu ndiye anayejua kwa nini.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo. Nampenda Ketty, na nyumba bila yeye siitaki. Akachukua Biblia ya Shangazi, akaniapisha nisiguse tena kisu chochote cha nyumba ile. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimepita Hai Cinema. Mbele ya baiskeli ya Mugisha foleni imefika barabarani. Habari imeenea, kila mama anataka kuhakikisha kisu chake hakijapita mikononi mwangu. Mugisha alinipungia mkono. Akauliza kama nauza vile vibamba. Nilimwambia aendelee kuota.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimejifunza. Wiki nzima nikipakia mizigo nimekuwa nalitafakari kosa langu, na leo nimeliona wazi. Nilianza na mama. Ningeanza na baba!

Mchana nilipeleka mbuzi. Mweupe kabisa, isipokuwa sikio moja. Mama Florence alimtazama kwa mbali, akatikisa kichwa, lakini hakumfukuza. Mzee Lodu alimpapasa mgongo, akasema mafi mushkila, kijana, hakuna tatizo. Upande wake jibu ni ndiyo, na mama naye ameanza kulainika. Kesho asubuhi atajinyoa, avae suti, aliseme mbele ya watu wote. Nilitaka kumkumbatia. Kisha akaenda kujinyoosha kidogo ndani.

Wembe wake ameuacha dirishani, kando ya kioo.

Niliugusa tu. Butu! Mzee wa watu! Ndiyo maana anasukuma kwa mkono mzima. Sasa, kiapo changu kilihusu visu. Wembe si kisu, hata mtoto anajua. Na kibamba laini nilikuwa nacho mfukoni, sijui kwa nini. Nikakaa nyuma ya tangi la maji, nusu saa, upande huu, upande ule. Nywele za mikono zimekwisha, nikaujaribu mguuni. Almasi ni almasi!

Nimeurudisha pale pale kabla hajaamka. Sijamwambia mtu. Kesho saa moja atafumba macho, ataanza wimbo wake, atasukuma kama siku zote. Nitafika mapema nikae sebuleni. Nataka nimsikie mwenyewe akigundua.