Saa Ishirini na Saba Bila Kumtazama Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Septemba 2017

Célestine kasema leo. Mlangoni pa saluni yake hapa Joubert Park, mbele yangu na mbele ya Cédric, wateja wanasikia. Amechoka na sisi wawili. Mama yake anatoka Durban wiki ijayo kwenda Cape Town kumwona mjukuu. Ndege anaiogopa, treni ya moja kwa moja hakuna, kwa hiyo atabadilisha hapa Johannesburg. "Mama atawaona wote wawili," akasema. "Atakayemkubali ndiye atakayenioa. Mwingine asinisumbue tena."

Sawa kabisa! Cédric, askari wa mlangoni kule Marshalltown, akajitolea kubeba mizigo stesheni. Mizigo, jamani! Nikamwacha amalize. Kisha nikatangaza kwamba mimi, Sagesse, fundi wa suti, nitamsindikiza mama mpaka Cape Town. Njia nzima. Nimerudi kwenye cherehani napiga mluzi.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimekata tiketi. Kiti changu kinatazamana na cha mama. Dada wa dirishani nilimbembeleza mpaka akachoka.

Saa nane, nikiwa napiga pasi, nikakumbuka. Mungu wangu! Kwetu Kasenga mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe. Haketi naye. Hamtazami usoni. Akikutana naye njiani, anapisha. Na safari ni saa ishirini na saba!

Mwingine angerudisha tiketi. Mimi nimefurahi. Mama atajuaje kwamba nimelelewa, bila mtihani kama huu? Jirani yangu, muuza mboga, ananiambia mama huyo ni mtu wa Bukavu, huenda kwao hawana mambo hayo, nimuulize Célestine kwanza. Nimuulize ya nini? Heshima ni heshima. Ataitambua akiiona.

Suti yangu imekwisha. Bluu, vipande vitatu. Nimejitazama kwenye kioo robo saa nzima.

Ijumaa, 8 Septemba, ndani ya treni

Naandika nimesimama, mgongo kwenye mlango wa choo. Naandika kwa fahari.

Mama alishuka treni ya Durban asubuhi na mabegi sita. Cédric akayabeba yote. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, kwa heshima. Mama akauliza msindikizaji yuko wapi, Célestine akanionyesha kwa kidole. Nikainamisha kichwa, nikarudi nyuma ya nguzo.

Mchana tukapanda. Cédric akaingia nasi kupanga mabegi. Anapanga polepole, kama kawaida yake. Treni ikaondoka naye! Eish, nilicheka mpaka machozi. Hana tiketi, yumo ndani ya sare ya kazi, na jioni anatakiwa lindoni.

Mama akamwambia aketi. Nafasi hakuna, ila kiti changu. Nikampa! Mimi nisingekikalia hata hivyo, magoti yangu yangegusana na ya mama mkwe. Sasa aibu hiyo ni ya Cédric. Mpango huu sikuupanga, lakini nimeupokea kama wangu.

Akaja mkaguzi wa tiketi. Mama akamtuma abiria mmoja aniombe nimlipie Cédric nauli. Mkwe hamkatalii mama mkwe. Nimelipa.

Hivi sasa mama amefungua kuku wa kukaanga na chikwange zake za mihogo. Harufu imenifuata mpaka huku. Ameniita mara tatu, na mara tatu nimekimbilia behewa la pili. Tumbo linanguruma. Cédric anatafuna paja mbele yake, mafuta mpaka kidevuni, na wanacheka pamoja. Namhurumia sana.

Jumamosi, 9 Septemba, Cape Town

Tumefika! Sijala tangu jana asubuhi, viatu havivuliki kwa uvimbe wa miguu, na uso wa mama mkwe sijauona hata mara moja. Kwetu wangenipigia ngoma.

Asubuhi alishikwa na kizunguzungu, akataka mtu wa kumshika mkono. Aliniita mimi. Nikaenda mbio kutafuta mhudumu mwanamke, behewa hadi behewa. Niliporudi bila mhudumu, Cédric alikuwa amekwisha kumshika. Mkono wa mama mkwe! Nilifumba macho.

Stesheni mama akampigia Célestine simu. Nilikuwa nimempa mgongo, nikasikia yote. "Huyu Cédric ni mtoto wangu. Lakini yule wa suti ana nini na mimi? Namkaribisha chakula, ananikimbia. Naumwa, ananikimbia. Sitaki binti yangu aende kwa mtu anayeniona uchafu."

Sauti yake ilikatika pale mwisho. Moyo ulinishuka, sitasema uongo. Nilitaka kugeuka, nimweleze. Lakini kugeuka ni kumtazama.

Baadaye, kwenye foleni ya basi, nikaelewa. Amemwita Cédric mtoto wake. Mtoto! Mtoto haoi dada yake. Mama amemwondoa kijana wa watu bila kumuumiza. Mwanamke mwenye akili sana.

Jumatano, 13 Septemba, Joubert Park

Célestine amekuja dukani. Hakukaa. Ataolewa na Cédric, mwezi wa Desemba, mama amebariki. Alisema kwa upole, akitazama sakafu. Nikamweleza desturi ya Kasenga, yote, tangu nguzo mpaka mlango wa choo. Alisikiliza, kisha akafuta macho.

"Ungekula paja moja tu, Sagesse," akasema, akaenda zake.

Roho iliniuma. Nilimpenda, nampenda. Nimekaa mbele ya cherehani bila kushona chochote mpaka jioni, nikitafuta nilipokosea.

Nimepaona. Behewa moja! Nilipanda behewa moja na mama mkwe, akaniona nikienda na kurudi mchana kutwa. Heshima gani hiyo? Si ajabu aliudhika.

Atarudi Durban tarehe 24, na atabadilisha treni papa hapa. Nimekwisha kukata tiketi. Yeye yuko behewa la kwanza, mimi la mwisho. Safari hii hataona hata kisigino changu.