Programu ya Kupumzisha Macho ya Bi Rangi

Jumatatu, 3 Novemba

Leo ndiyo leo! Mama Mkubwa ametangaza asubuhi, kabla hata hatujawasha taa za studio. Magoti yamemchosha. Mwisho wa mwezi anapumzika, na funguo atampa yule atakayemwonyesha kwamba anaielewa kazi ya kisasa. Akatutazama wawili. Mimi, mtoto wa mdogo wake wa tumbo moja. Na Shemeji, aliyemwoa binti yake, ambaye kazi yake ni kubonyeza kitufe cha printa na kusubiri.

Kazi ya kisasa! Nani mwingine hapa anayesoma habari za programu za kompyuta huku anakula? Ninazijua zote. Ndogo ndogo, za bure, zenye kufanya kompyuta ya mezani iache kuwa sanduku. Nikaanza na ile inayokumbuka kila unachonakili, ili kitu cha asubuhi uweze kukibandika hata jioni. Nikaiweka kwenye kila kompyuta, nikawaeleza wote faida zake. Shemeji alikuwa akipiga miayo.

Saa ya chai nikamkuta anamwonyesha Mama Mkubwa. Programu yangu! Anamwambia tazama Mama, siku hizi mashine ina kumbukumbu. Mama Mkubwa akamsifu, akasema kumbe mkwe wake ana akili. Nikabaki na kikombe mkononi, chai ikapoa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimejibu mapigo. Nimemwekea Mama Mkubwa, kwenye kompyuta ya kaunta, programu ya kupanga madirisha. Kila kazi na pembe yake: picha huku, bei kule, barua chini. Hakuna tena kutafutatafuta. Nikasimama pembeni kusubiri pongezi.

Akauliza ni nani aliyeikata kompyuta yake vipande.

Alikuwa na mteja mbele yake, mama na mtoto mchanga aliyehitaji picha ya pasipoti. Mpaka nimeyarudisha madirisha mahali pake, mtoto amelala. Na picha ya pasipoti inataka macho wazi. Tulimpigia makofi, tukamwimbia, Shemeji akabweka kama mbwa. Mtoto akakoroma.

Halafu balaa. Shemeji alikuja kwenye kompyuta yangu kutafuta jina la mteja, akafungua ile kumbukumbu ya kunakili. Humo akakuta ujumbe niliomwandikia mama yangu jana, kwamba Shemeji ni kupe na amemganda Mama Mkubwa shingoni. Kumbe nilipounakili ulibaki. Akausoma kwa sauti mbele ya kila mtu, polepole, mkono kifuani, mithili ya mtu aliyefiwa. Mama Mkubwa akasema kwao hawakulelewa hivyo, akampigia mama yangu simu papo hapo. Mama naye akanipigia mimi.

Programu yenyewe, lakini, imefanya kazi vizuri sana.

Jumatano, 5 Novemba

Sikulala vizuri. Nimefikiri. Kosa langu ni kutangaza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuanzia leo natenda wema kimyakimya, watu waone matunda, ndipo nijitokeze.

Na nimempata wa kumtendea: Bi Rangi. Huyu ndiye anayesahihisha rangi za picha zetu zote kabla hazijaenda kwa printa. Amefanya kazi na Mama Mkubwa tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Jicho lake ndilo studio. Lakini analalamika kwamba ikifika mchana macho yanamchoma.

Dawa ipo! Kuna programu ya kupumzisha macho. Inatia kioo cha kompyuta unjano laini, taratibu mno hata mwenyewe asitambue. Bi Rangi alipotoka kwenda kuchukua bahasha nikaketi kwenye kiti chake. Nikaiweka. Nikaipandisha mpaka mwisho, maana wema nusunusu si wema. Ianze adhuhuri, na ijifungue yenyewe kila kompyuta ikiwashwa. Nikaongeza na nyingine ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, ili niweze kurekebisha mambo bila kuinuka mezani kwangu.

Na wakati wenyewe ni mwafaka. Kazi kubwa ya mwaka imeingia, picha za mahafali za shule ya jirani. Bi Rangi atazimaliza bila machozi, atamweleza Mama Mkubwa, nami nitasimama. Funguo nazisikia zikilia mfukoni.

Ijumaa, 7 Novemba

Bi Rangi amesema! Amesema siku hizi mchana macho yake yametulia kabisa. Tatizo, amemwambia mteja, si Mama Mkubwa. Nikakohoa. Nikamuuliza kwa sauti kama angependa kumshirikisha Mama Mkubwa habari hiyo njema. Akasema Mama Mkubwa ana magoti yake ya kuwaza.

Mchana fungu la kwanza la picha za mahafali likatoka kwa printa. Mama Mkubwa akaziinua dirishani. Akauliza hawa watoto wameopolewa mtoni?

Kweli, walikuwa na rangi ya samawati. Mashavu, meno, kila kitu. Mwalimu mkuu kwenye safu ya katikati alikuwa amezidi.

Na printa ni ya nani? Ya Shemeji! Moyo wangu ulicheza ngoma. Nikamwendea, nikampa pole, nikamshauri abadilishe wino, asafishe, ajitahidi, mambo haya humpata yeyote asiyekuwa makini. Akabadilisha. Zikatoka samawati zaidi. Nimeondoka kazini nikipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Novemba

Shemeji si mjinga kama nilivyotumaini. Leo amechapisha picha ya zamani ya harusi, kwa printa ileile, wino uleule. Bibi harusi akatoka anang'aa. Kumbe si printa.

Wote tukageuka kumtazama Bi Rangi.

Akasema alitaka kutuambia tangu jana. Kwamba mchana anazisahihisha picha mpaka nyuso zinakuwa nyuso, na asubuhi akifungua zilezile anaona samawati tupu. Kwamba marehemu mama yake alianza hivihivi, rangi zikamtoroka kwanza, halafu mwanga. Alikuwa akikunjakunja kitambaa cha miwani.

Hapo ndipo nilipoelewa.  Kioo kinakuwa cha njano; yeye anaona njano; anaongeza samawati ili kuiondoa; kwake picha inakuwa safi, kwenye karatasi ni mtu aliyezama majini. Kwa kifupi, programu yangu.

Ningesema palepale. Mdomo niliufungua. Lakini Shemeji alikuwa amesimama kando ya Mama Mkubwa, na mkoba wenye funguo ulikuwa katikati yao. Nikaufunga mdomo. Jumatatu nitaiondoa kimya, macho ya Bi Rangi yatapona yenyewe, na hakuna atakayeumia. Mpango mzuri tu. Sijui kwa nini chakula hakipiti.

Jumatatu, 10 Novemba

Mpango umeingia mchanga. Bi Rangi habanduki kwenye kiti! Anarudia picha zote tangu mwanzo. Chai analetewa hapohapo.

Nikamwambia kuna mgeni wake mlangoni. Akasema aingie. Nikasema anaona haya. Akasema mtu mwenye haya hana haraka, atasubiri. Nikatoka nje, nikazima swichi kuu. Giza! Kila mtu akapiga kelele. Nikawasha, nikakimbilia kwake kumsaidia kuanzisha upya, na programu ikajifungua yenyewe kabla sijagusa kipanya, kama nilivyoiamuru. Sijapata kuona programu yenye utii kiasi kile.

Mchana Mama Mkubwa alimpeleka kwa mpima macho wa mlango wa pili, mimi akaniacha kaunta na foleni ya wateja. Nilifarijika, nikasema angalau ataambiwa macho ni mazima. Akaambiwa macho ni mazima. Akarudi amenyauka. Akasema kama macho ni mazima basi ugonjwa uko kichwani, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nimeshindwa kukaa. Nimepanga bahasha, nimezipangua. Shemeji ameniuliza nimekunywa nini.

Jumanne, 11 Novemba

Asubuhi Bi Rangi alimfuata Mama Mkubwa kaunta. Akasema picha za mahafali zikiisha anaondoka, asije akamharibia jina.  Mama Mkubwa alitoa leso, akajifuta, akaendelea kuhesabu bahasha ambazo zilikuwa zimeshahesabiwa. Sijawahi kumwona Mama Mkubwa akilia, hata kwenye msiba wa mumewe.

Mchana, unjano ulipokwisha kuingia, nikasema liwalo na liwe. Naiondoa leo, yupo kitini au hayupo. Si ninayo ile programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali? Nikarudi mezani kwangu, nikaingia kwenye kompyuta ya Bi Rangi kwa siri, nikaanza kukisogeza kishale cha kipanya chake taratibu, kuelekea pembeni.

Bi Rangi akapiga ukelele. Akasema sasa anaona vitu vinatembea!

Mama Mkubwa akaja mbio, magoti na yote. Shemeji akaja. Mimi nilikuwa nimeinamia kioo changu, nimezama kazini, sikujua kwamba wote wamesimama nyuma ya kiti cha Bi Rangi wanakitazama kishale kikijiendea. Kikafungua kisanduku kilichoandikwa kwa herufi kubwa PUMZISHA MACHO. Kikateremsha. Kikazima. Unjano ukaondoka, na watoto wa mahafali, waliokuwa na nyuso nzuri za watu, wote wakageuka samawati mbele ya macho yao.

Studio ikawa kimya. Nikasikia kimya hicho, nikainua kichwa. Mkono wangu ulikuwa bado uko kwenye kipanya.

Mama Mkubwa hakupaza sauti. "Tangu lini?" akauliza.

Nikasema tangu Jumatano iliyopita. Nikaongeza kwamba programu ni ya bure na imesifiwa na watu wengi. Shemeji, kwa mara ya kwanza tangu aoe kwetu, hakusema neno.

Jumatano, 12 Novemba

Hukumu imetoka. Nimeondolewa kwenye kompyuta zote. Kazi yangu sasa ni kushika taa, na kuwaambia wateja wainue kidevu.

Na funguo? Mama Mkubwa ametuita wote wawili. Mimi kanitazama, Shemeji kamtazama. "Magoti yangu mabovu," akasema, "lakini angalau yananiambia yanapouma." Akazirudisha funguo mkobani. Hapumziki. Shemeji amenuna mchana kutwa. Kwa hiyo, tukihesabu kwa haki, sikushindwa. Tumetoka sare.

Bi Rangi amezirudia picha zote, na zimetoka safi. Watoto wana mashavu, mwalimu mkuu ni mwalimu mkuu. Nilimwendea kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kibao. Akanivutia kiti.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa nikifika nyumbani nafumba macho, natembea. Kitanda kile pale, jiko hili hapa, mlango. Nilikuwa najizoeza. Mara moja nilijigonga, mjukuu wangu akacheka, akadhani tunacheza. Nikacheza naye."

Akaonyesha alama kwenye paji la uso.  Nilikwenda nyuma ya pazia la studio, lile lenye maua, nikalia kama mtoto. Wateja walisubiri taa. Sijawahi kujiona mtu mbaya kiasi kile. Yule mama, siku zote hizo, anapapasa kuta za nyumba yake mwenyewe, peke yake, bila msaada wowote!

Na msaada upo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ipo programu inayomsomea mtu kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo, hata akiwa amefumba macho: maandishi, majina ya picha, saa, kila kitu. Ya bure! Laiti ningelimwekea tangu mwanzo, asingehangaika.

Kesho saa nne anakwenda kuchukua bahasha. Nitaipandisha sauti mpaka mwisho.