Taa ya Mzee Padayachi

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Nimefika Chatsworth, nje kidogo ya mji. Kanisa letu la watu wa Congo limenituma niwe mmisionari kwa Wahindi. Mimi, Mama Peguy, niliyeacha shule darasa la nne! Jana Pasta Barthélemy alisimama pale juu ya saluni tunaposalia, akasema mimi ni chombo cha Bwana. Godelive akakohoa. Godelive aliitaka kazi hii. Alisoma Biblia Lusaka miezi miwili, anaitaja kama miaka miwili, na Kiingereza chake anakivaa kama kofia ya harusi. Pasta amesema nafsi moja tu, iketi kwenye benchi letu Jumapili tarehe 20. Ikikosekana, Godelive anachukua nafasi yangu.

Mume wangu Dominiki na watoto wamebaki mjini. Blaise ana kikohozi. Nimemwacha na kikohozi, mimi mama gani!

Chumba changu kiko nyuma ya nyumba ya Anti Saroja. Huku mama mkubwa anaitwa Anti. Niliingia kumsalimia, viatu miguuni, hatua nne nzima. Viatu vya wengine vyote vilikuwa mlangoni. Akavitazama vyangu kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani. Halafu akauliza kama nimekula. Kumbe mume wake amefariki Alhamisi! Hakuna aliyeniambia.

Jumanne, 8 Septemba

Nina mpango. Kwetu ukitaka moyo wa mtu, lia naye. Nikapika sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki mkavu, sufuria nzima, na kuku juu yake. Nikaenda mlango wa mbele. Nikaweka mikono kichwani, nikalia matanga kama tunavyolia Uvira, nikajitupa chini. Majirani wakatoka. Mmoja akataka kuita ambulansi.

Anti Saroja akaniinua, akanipa maji ya sukari. Mimi mfariji, nikafarijiwa. Kisha akafunua sufuria.

Ole wangu! Nyumba yenye msiba hailiwi nyama, wala samaki, wala yai, mpaka siku ya kumi na sita. Harufu ilishaingia hadi kwenye picha ya marehemu. Hakunifokea. Alichukua maji yenye bizari ya manjano akaanza kuosha sakafu. Nikapiga magoti, tukaosha wote wawili. Akanipa wali na dengu. Sombe nitaila peke yangu, mlango umefungwa. Sijui siku ngapi.

Alhamisi, 10 Septemba

Leo Anti ameniita kwa chai. Mbele ya picha ya mumewe, mzee Padayachi, iko taa ndogo ya shaba, inawaka mchana na usiku. Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza amenieleza: haitakiwi kuzimika mpaka siku ya kumi na sita, Ijumaa ya wiki ijayo. Inammulikia mzee njia.

Hapo hapo nikaona mlango! Binti yangu Peguy alikuwa ameniandikia kwenye karatasi mstari wa Nuru ya Ulimwengu, kwa Kiingereza. Nikaishika tayari. Lakini Anti akaanza kusema jinsi mzee, miaka thelathini na moja bandarini kwenye kreni, alivyokuwa akimtilia sukari kwenye chai kwa siri, ingawa daktari alikataza. Akacheka, akalia. Karatasi ikaloa jasho mkononi. Sikuisoma.

Mmisionari gani mimi? Lakini chai ilikuwa tamu.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimeenda mjini kutoa ripoti. Blaise bado anakohoa. Nimemsugua kifua, nimempikia uji, nimelia kidogo jikoni.

Pasta akauliza Mhindi wangu amefikia wapi. Nikasema yuko karibu. Godelive akauliza karibu ya wapi, karibu ya Pinetown hapa jirani au karibu ya Cairo? Watu wakacheka. Nikapandwa na hasira, nikasema karibu kama mlango huu, na vitu vya miungu hata kuvigusa siku hizi havigusi.

Nimesema uongo kwa pasta. Nitaufanya uwe kweli kabla ya tarehe 20, basi hautakuwa uongo tena.

Jumatatu, 14 Septemba

Anti anaenda hospitali kesho kwa ajili ya sukari na kidonda cha mguu. Siku nzima. Mtoto wake amerudi kazini Johannesburg, dada yake ameitwa Tongaat kwa mjukuu. Ameomba mimi niiangalie taa. Mafuta kila saa, utambi usivutwe sana. Alinishika mikono yote miwili. Nikasema ndiyo kabla kichwa hakijafika.

Nikakimbilia simu ya kulipia kwenye kontena, nikamwuliza Pasta. Akasema nisiguse mafuta ya miungu, na simu ikakatika.

Nimekaa na jambo hili tangu alasiri. Anti ana mtu mmoja wa kumwomba, na mtu huyo ni mimi.

Jumanne, 15 Septemba

Nimetia mafuta. Haya, nimeandika. Nilimtazama mzee kwenye picha, ana masikio kama ya baba mkwe wangu, nikasema: mzee, hii ni kwa ajili yako na mke wako, wengine wasiingilie. Nikatia saa tatu, saa nne, saa tano. Nilitia vizuri! Moto ulisimama kama mtoto aliyeoga.

Saa tano na nusu, hodi getini. Godelive! Amekuja kukagua, na daftari.

Ningefanya nini? Akiniona na chupa ya mafuta, nimekwisha. Nikafunga mlango wa Anti, nikampeleka chumbani kwangu nyuma. Nikampa chai. Nikampa na sombe, akasema inanuka, akala sahani mbili. Akauliza maswali, akaandika. Kila aliposimama nikamwongezea chai. Nilijua saa inapita. Nilijua! Nikasema moyoni, bado kidogo, taa ni ya shaba, itavumilia.

Ameondoka saa nane.

Nikakimbia. Taa ilikuwa imezimika. Hata moshi haukuwepo tena. Nikashika utambi, ulikuwa baridi.

Niliiwasha kwa kiberiti. Vijiti sita. Saa kumi Anti akarudi na bendeji mguuni. Akaona moto unawaka. Akaunganisha viganja mbele ya picha ya mzee, kisha akanishika shavu, akasema mimi ni mdogo wake sasa.

Pale ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema kama wanavyosema huku mambo yakiwa sawa: "Sharp, Anti."

Ijumaa, 18 Septemba

Siku ya kumi na sita. Ndugu wamejaa, maua, wali wa aina tatu. Anti amenizungusha kwa kila mtu: huyu mama wa Congo ndiye aliyelinda moto wa mume wangu. Bibi mmoja amenibusu kichwani. Wamenipa sari ya kijani.

Picha ya mzee ilinitazama tu.

Anti anasema Jumapili atakuja kanisani kwetu, kumshukuru Mungu wangu kwa kunituma. Nafsi moja kwenye benchi! Nilingoja furaha mpaka jioni. Haikuja.

Jumapili, 20 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Amekuja, sari nyeupe, fimbo mkononi, ngazi zote zile na mguu ule. Pasta akamkaribisha aseme neno. Léonard, muumini mwenzetu, akatafsiri. Anti akasema: huyu dada yenu alitia mafuta kwenye taa ya mume wangu kwa mkono wake, hakuiacha izimike hata mara moja.

Pasta akanigeukia. Godelive akafungua daftari, uso wake sikukuu.

Nikasimama. Ningeweza kukaa kimya, nipoteze kazi, Anti abaki na amani yake. Nilijua hivyo nikiwa nasimama. Lakini mdomo wangu una haraka. Nikasema kwa Kiswahili, Anti asielewe: "Pasta, usiogope, taa ile ilizimika! Niliiacha, ikafa yenyewe!"

Haleluya! Watu wote wakapiga makofi. Wakapiga ngoma. Na Anti Saroja, akiona watu wananishangilia, akaweka fimbo chini, akapiga makofi pia. Alikuwa anatabasamu kwangu.

Godelive akainama sikioni kwake, akamtafsiria. Kiingereza safi, neno kwa neno.

Mikono ya Anti ikasimama hewani. Akaokota fimbo yake. Kwenye taxi ya kurudi tulikaa kiti kimoja, yeye akitazama dirishani njia nzima.

Jumatatu, 21 Septemba

Pasta amenithibitisha kazini mbele ya wazee. Godelive amekosa nafasi. Sijasikia utamu wowote.

Asubuhi nilikuta sahani ya wali na dengu mlangoni kwangu, imefunikwa kama kila siku. Bado ananilisha! Nikairudisha imeoshwa. Anti akaipokea, akauliza jambo moja tu: mume wake alikaa gizani muda gani?

Nikasema sufuria yangu inaungua, nikakimbia. Sikuwa na sufuria jikoni.

Muda wa saa mbili, Anti. Karibu saa mbili nzima. Hapa naweza kuliandika. Kule siwezi.

Jumatano, 23 Septemba

Nimeomba, nimelia, nimewaza, na Mungu amenifungulia njia!

Nitamwambia Anti kwamba Godelive alitafsiri vibaya. Kozi ya miezi miwili, kila mtu anajua. Taa niliyosema imezimika siyo ya mzee kabisa. Ni taa yangu mimi, ya mafuta, ya chumbani. Mzee hakukaa gizani hata dakika moja. Anti atalala vizuri, mimi nitalala vizuri, hakuna anayeumia.

Iko shida moja, sina taa chumbani, nina balbu. Lakini nimeona moja dukani kwa Mhindi wa kona, kioo kizuri, bei ya kukopesheka. Nitainunua leo, niiwashe, niizime, ipate masizi kidogo ionekane ya zamani.

Uongo huu ni mdogo, na ni wa mwisho. Akishaniamini tu, naanza kumwambia ukweli wa kila kitu.