Mereana Bila Sauti Adai Fungu la Watoto

Tegeni masikio, enyi mlioshiba nanyi mnaongoja chungu kiive! Acheni kumenya, acheni kusengenya, mtaendelea baadaye, umbeya hauchachi. Nawasimulia vita vikuu vilivyopiganwa Southland, kusini kabisa mwa Nyuzilandi, huko ambako kondoo ni wengi kuliko salamu, baina ya Mereana binti Tipoki, simba jike wa banda la kunyolea kondoo, na Ofisi ya Kodi, yenye masikio elfu na muziki mmoja. Ee mizimu ya simu, nijalieni sauti, kwa maana shujaa wangu hakuwa nayo!

Mereana alikuwa mpanga sufu, mkono mwepesi, sauti nzito. Akikemea upande huu wa bonde, mbwa wa upande wa pili hukaa chini. Mumewe alikuwa Dougal mnyoa kondoo, mabega kama mlango wa ghala, asiyeogopa dume lenye pembe wala baridi ya alfajiri. Simu tu ndiyo aliyoiogopa. Ikilia, huenda kukagua ua.

Sasa jueni kwamba katika nchi ile serikali huwapa wenye watoto fungu lao kwa mkono wa Ofisi ya Kodi. Kipato cha nyumba kikikonda, fungu hunenepa. Kikinenepa, fungu hukonda. Nawe mwanzo wa mwaka hutaja mwenyewe unachotarajia kupata, kana kwamba ni mganga wa ramli. Mwaka mmoja Mereana alitaja kidogo, kazi ikaja tele, na Ofisi ikataka chake kirudi. Walilipa hadi Krismasi, na Krismasi yenyewe wakala soseji. Siku hiyo aliapa: "Afadhali wanipunje kuliko wanidai!" Na tangu hapo, kama wengi wa bonde lile walioungua kwa uji huohuo, kila mwaka alitaja kipato kinono kama dume la maonyesho.

Ndipo ukaja mwaka wa mvua.

Kondoo aliyelowa hanyolewi, humtia mnyoaji maradhi. Basi desturi yao ni hii: kila mnyoaji hunyoa wawili, kisha hupigwa kura ya siri, wamelowa au wamekauka. Wakishinda wa "wamelowa", watu hurudi nyumbani na mikono mitupu. Ni kura safi, haina rushwa, ingawa siku za mechi ya raga kondoo hulowa zaidi. Kiangazi kizima, hata pasipo raga, kura ilikuwa ileile: wamelowa, wamelowa, wamelowa. Kipato kikajikunja kama fulana ya sufu iliyochemshwa. Lakini machoni pa Ofisi, Mereana alikuwa bado tajiri mkubwa.

Majira ya baridi yakabisha hodi, na banda la kuni lilikuwa na buibui tu. Kitinda mimba, Kāhu, alilala na kofia na kukohoa kama mzee wa baraza. Mzee Struan muuza kuni alikuwa amebakiwa na shehena moja kavu.

"Nakushikia mpaka Ijumaa, mama," alisema. "Ikipita, nampa mwalimu wa kinanda. Yule hulipa taslimu, tena hanifokei."

Basi ilikuwa lazima kupiga simu Ofisi ya Kodi, kudai fungu lililopunjwa. Lakini, ole wetu, Jumamosi binti yao alicheza netiboli, na Mereana pembeni mwa uwanja akamshangilia hadi koo likafunga duka. Nayo Ofisi ile humtambua mtu kwa sauti yake! Jumatatu, shujaa aliketi mezani, simu mbele yake kama ngao. Dougal alisimama nyuma. Mama mkwe, Bibi Ishbel, alikuwa jikoni akipaka siagi mikate ya jibini, akijifanya hasikii.

"Tamka maneno yako," ikasema mashine.

Mereana akatamka. Ikatoka sauti ya bata aliyekaliwa.

"Samahani. Sikutambui."

"Ndivyo ilivyo na mimi kila asubuhi," akasema Bibi Ishbel.

Mara tatu alishambulia, mara tatu akatupwa, mpaka mashine ikampeleka kwenye foleni ya binadamu. Hapo ukaanza muziki. Enyi wasikilizaji, muziki ule! Ulizunguka kama punda wa kinu, ukakata kidogo kumpa mtu matumaini, kisha ukaanza tena. Mikate ikaiva, ikaliwa. Dougal akaanza kuuimba bila kujua, akapigwa kiwiko.

Hatimaye: "Habari za leo, mimi ni Sefina, nikusaidie nini?"

"Nimepunjwa," akanong'ona Mereana.

"Umepunjwa?" akanong'ona Sefina naye. Ndivyo tulivyo, ukinong'onewa unanong'ona. Wakawa wawili hao kama wezi wa kuku, wakiulizana tarehe za watoto kuzaliwa.

Dougal akashindwa kuvumilia, akaivamia simu, yeye aliyeikimbia miaka yote! "Dada, mke wangu hana sauti, mimi nitasema!"

"Fungu liko kwa jina lake, kaka. Siwezi kusema nawe mpaka akuruhusu."

"Mruhusu, Mere!"

Mereana akakusanya pumzi ya mababu zake wote, akatoa neno.

"Samahani," akasema Sefina, "hiyo ilikuwa ndiyo, au kuna mbuzi hapo?"

"Ndiyo!" wakapiga kelele Dougal na mama yake.

"Nyie hapana. Yeye. Na kipato cha mwaka uliokwisha nataka anitajie mwenyewe."

Hapa, jamani, ndipo palipokuwa na joka. Si mashine, si muziki. Maana Mereana kwa miaka yote alimtambia mama mkwe kwamba kwao hakukosekani kitu. Na ile hofu ya kudaiwa ikamwamuru: taja kikubwa, jikinge! Akamtazama Bibi Ishbel. Kisu cha siagi kilikuwa kimesimama hewani. Chumba cha pili Kāhu akakohoa.

Mereana akakitaja kile kidogo. Chote, mpaka senti zake. Kwa mnong'ono, lakini jiko zima lilisikia.

Bibi Ishbel akaweka kisu chini.

"Kumbe hivyo," akasema. "Nawe umenilisha mguu wa kondoo kila Jumapili! Mjinga wewe, mwanangu. Mimi napenda supu."

"Nimethibitisha," akanong'ona Sefina. "Umepunjwa kweli, mama, tena sana. Haki yako itaingia Alhamisi. Mwaka huu niandike kile kinono tena?"

"Andika cha mvua," akajibu shujaa. "Kura ikibadilika, nitakupigia."

Alhamisi haki ikaingia, na Ijumaa lori la Mzee Struan likatapika kuni uani kwa ngurumo ya mizinga. Mwalimu wa kinanda akapita, akatazama, akapita. Dougal akapasua, bibi akawasha, na jioni ile madirisha ya nyumba yakatoa jasho.

Basi na ichongwe katika mawe, na waisome wajukuu: ya kwamba mwaka wa kondoo waliolowa, Mereana binti Tipoki, bila sauti wala wakili, aliitazama Ofisi ya Kodi uso kwa sikio, akaiambia ukweli wa umaskini wake mbele ya mama mkwe, wala hakuliwa na yeyote kati ya hao wawili.