Aliyevuta Mkokoteni Siku ya Wanyama

Hapana, si punda aliyevuta. Punda siku hiyo alikuwa jukwaani, kavishwa shada la maua, anatafuna kitambaa cha meza. Aliyevuta ni mwenyekiti wa mji mwenyewe. Ngoja basi, mjukuu wangu, usinikimbize.

Kila mwaka mji ulikuwa na Siku ya Mnyama Kazi. Safari hii tangazo lilibandikwa mpaka mlango wa choo cha soko: "Kamati imeazimia kwa kauli moja kwamba mnyama yeyote asifanye kazi yoyote, alfajiri hadi magharibi. Atakayekutwa kazini atapelekwa Kituo cha Mapumziko. Hakuna msamaha kwa cheo chochote."

Jambo la busara kabisa. Kituo chenyewe kilikuwa shamba la mwenyekiti, na huko wanyama walipumzika kwa kulima.

Kiroboto, yule muuza maji, alikuwa na punda wawili. Mmoja alikamatwa kwenye sherehe ya mwaka uliotangulia akimpeleka mama mkwe zahanati. Kiroboto alilia, "Jamani, huyu ni mama, si mzigo!" Karani akamtazama mama mkwe juu mpaka chini, akaandika: mzigo. Tangu hapo riziki ya watu saba nyumbani kwake ikategemea punda mmoja, naye akilala akihema.

Basi hotuba zikaisha saa nane. Mgeni rasmi, mama mmoja mnene kutoka makao makuu, akauliza, "Chakula kiko wapi?"

Chakula kilikuwa kwa wapishi, ng'ambo ya bonde, masufuria sita. Mvua ilikuwa imenyesha, gari la ofisi limezama kwenye tope mpaka milango. Bonde lile huvukwa na mkokoteni tu.

Mwenyekiti akamwinamia Kiroboto sikioni. "Ndugu yangu, kamchukue punda wako pale jukwaani, haraka."

"Niandikie, mheshimiwa."

"Niandike nini?"

"Kwamba tangazo limefutwa. La sivyo utaninyang'anya na huyu."

"Nitaandikaje mbele ya mgeni? Sahihi kwenye tangazo ni yangu!"

"Basi mkokoteni ule pale. Tangazo limetaja mnyama tu. Kiongozi hakutajwa."

Mgeni akauliza chakula mara ya pili, basi wakauvuta. Mwenyekiti mbele, karani pembeni, suti zimepandishwa magotini. Kurudi, Kiroboto akakaa juu, maana masufuria lazima yashikwe. Fimbo hakuitumia, aliiweka tu mahali inapoonekana. Kwenye kila mlango akisema "Haya, twende, mzee wangu!" na watoto wanashangilia. Pale kwenye kilima mwenyekiti akapiga magoti.

"Huyu naye mvivu," akasema Kiroboto taratibu. "Lakini si kosa lake, hakuzoeshwa."

Walipofika, mgeni rasmi alisimama akapiga makofi. "Viongozi kujitwika kazi ya mnyama! Nitapendekeza iwe kila Jumamosi, nchi nzima, na nyie muanze."

Hapo hapo mwenyekiti akadakia. "Tangazo limefutwa!" Akadai kalamu, akaandika juu ya kifuniko cha sufuria.

"Na waliokwenda kupumzika kwako?" akauliza Kiroboto, kifuniko kakishika ukingoni. "Andika na hao."

"Warudi kwao! Wote! Kesho asubuhi!"

"Leo."

Mwenyekiti akamtazama mgeni, akautazama mkokoteni. Akaandika: leo.

Mama mkwe, yule aliyeandikwa mzigo, naye alikuwepo; akapakua. Kiroboto akampisha mwenyekiti nafasi kwenye mkeka, maana mtu aliyefanya kazi humwonei wivu wa sahani. Wakanawa, wakakaa, wakala.